Kamera ndogo ya kila siku: Canon G7 X Mark II, Sony ZV-1, au nibaki na simu?

BintiPangani
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Nina milioni moja na nusu, natafuta kamera ndogo ya kuingia kwenye pochi. Kazi yake ya kwanza ni bibi yangu. Yuko Pangani, bado anasuka ukili, na alasiri akikaa barazani anasimulia mambo ambayo hata mama yangu hayajui. Nataka nimrekodi akiongea, nipige mikono yake ikisuka, na nikirudi Tanga iwe ya watoto nyumbani. Simu yangu ni ya kawaida: ikikaribia magharibi picha zinajaa chenga, nafasi inaisha katikati ya video, na mtu akipiga simu rekodi inakatika.

Nimebaki na mbili, zote za mtumba: G7 X Mark II ya 2016 na ZV-1 ya 2020. Kwa maelezo zinafanana sana. Zote zina sensa (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) ya inchi moja, lenzi zote zinaanza f/1.8, yaani tundu la lenzi linafunguka sana (namba ya f ikiwa ndogo, mwanga unaingia mwingi). Mnaozitumia, tofauti inaonekana wapi hasa?

Kidawa_V
Dada, kama bibi ndiye anaongea, chukua ZV-1. Ina tundu la maiki, G7 X II haina. Ya ndani yenyewe ni maiki tatu kwa juu, na inauzwa na manyoya yake ya kuzuia upepo (kwa mtumba uliza kama bado yapo, huwa yanapotea). Ikishaushika uso haiuachi, hata bibi akiinama kuokota miyaa. Skrini inafunguka pembeni, na inarekodi 4K, video kali kuliko ile 1080 ya kawaida.

Ila ujue mambo mawili. Haina flashi wala kitundu cha kuchungulia. Na ukiwasha ile hali kali ya kutuliza mtikisiko, picha inakatwa pembeni, kwa hiyo ukijirekodi kwa mkono ulionyooshwa uso wako unajaa fremu nzima. Betri Sony wenyewe wanaihesabia picha 260 hivi kwa chaji moja. Nenda na ya akiba.

JumaMsasani
Mimi ningeongeza hela kidogo ninunue simu nzuri. Inapiga usiku, unamtumia shangazi papo hapo, na huna kitu cha pili cha kubeba. Kamera itakaa kabatini, nimeona kwa watu wengi.

FundiMalindi
Juma, kwa picha ya nyumba au chakula nakubaliana nawe. Lakini simu usiku inapiga picha nyingi haraka na kuziunganisha, na hiyo inataka kitu kilichotulia. Mikono inayosuka haitulii. Utapata vidole vimeyeyuka kama nta.

BintiPangani mwanangu, mimi napiga harusi hapa Unguja na hizi ndogo nazitumia ninapokuwa sipo kazini. Hiyo "inchi moja" ni jina tu, sensa yenyewe ni milimita 13.2 kwa 8.8. Lakini ukiiweka na zile kamera ndogo za bei rahisi, zenye milimita 6 na kitu kwa 4 na nusu, eneo lake ni mara nne. Ndiyo maana magharibi inakutoa. Hapo hizo mbili zako ziko sawa.

Zinapoachana ni lenzi. ZV-1 inaanzia milimita 24 inaishia 70 (namba ikiwa kubwa, lenzi inavuta karibu zaidi). G7 X II inaanzia 24 inafika 100, na huko mwisho bado ni f/2.8. Hizo 30 za ziada usizidharau. Utakaa upande wa pili wa baraza, uvute mpaka mikono na ukili vijae fremu, bibi asijue kama unapiga. Ukimsogelea na kamera mtu mzima anaacha kusuka, anakaa sawa, anarekebisha mtandio, na ulichokijia kimeondoka.

La pili ni rangi zetu. Bibi mweusi amejifunga kanga nyeupe, nyuma yake ukuta wa chokaa: kamera yoyote ikiachiwa iamue yenyewe itaona weupe mwingi, itapunguza mwanga, na uso utakuwa kivuli. Ongeza mwangaza theluthi mbili ya hatua, au hatua moja kamili. Kanga ikiungua kidogo si neno, uso ndio picha. Kwenye G7 X II kuna gurudumu la kazi hiyo tu, liko juu, chini ya lile la kuchagulia hali. Unalizungusha kwa kidole gumba huku unatazama skrini. Kwenye ZV-1 unabonyeza kitufe cha nyuma kwanza. Ni jambo dogo, lakini kwa watu wetu nalifanya kila picha ya tatu.

Kidawa_V
Fundi, na sauti je? Bibi hasikiki kutoka upande wa pili wa baraza.

FundiMalindi
Sauti achukue kwa simu. Aiweke kwenye hali ya ndege ili isipigwe, aiwashe programu ya kurekodi sauti, ailaze mkekani karibu na goti la bibi, si mapajani, kanga itakwaruza. Kamera ikianza apige kofi moja. Nyumbani analinganisha lile kofi la kwenye video na la kwenye sauti, basi. Mbali ya hapo G7 X II inarekodi 1080 tu, na kila kipande kinaishia dakika 29 na sekunde 59. Kwa kuangalia kwenye simu na televisheni ya nyumbani hiyo 1080 inatosha kabisa, na kadi haijai haraka.

MzeeWaLikoni
Hujambo binti. Mimi nasemea ununuzi. Mtumba huu mwingi watoka Japani. Kamera za Sony zilizouzwa kwa soko la huko menyu yake ni Kijapani tu, huwezi kubadili, kwa hivyo fungua menyu mbele ya muuzaji. Kisha iwashe na kuizima mara kumi ukitega sikio. Lenzi ikitoa sauti ya kusaga, mchanga umeingia, iwache. Yangu ya kwanza ilikufa hivyo, niliiwasha ufuoni upepo ukivuma, lenzi ikatoka na haikurudi tena. Piga pia ukuta mweupe kwa f/11, tundu la lenzi likiwa dogo, madoa ya vumbi yataonekana yote.

Na kadi ijaribu kwa kuijaza mpaka mwisho, halafu uicheze yote. Za bandia huandikwa GB 128 na ndani hamna hata robo.

NipoMaskati
Kuna anayefikiria ile Olympus TG-6? Inaingia majini mita 15 na mchanga hauisumbui. Mimi huku naichukua baharini na wanangu. Lakini sensa yake ni ile ndogo, jioni barazani haitakufaa.

Unyevu wa pwani nao uuogope, lenzi inaota kuvu. Iweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

BintiPangani
Narudi baada ya wiki tatu. Nilichukua G7 X II. Ilikuwa na doa moja pembeni lisiloonekana mpaka f/11, muuzaji akapunguza.

Juzi nilikuwa Pangani. Siku ya kwanza sikurekodi, niliiweka tu mkekani aizoee. Siku ya pili nilikaa mlangoni, nikavuta mpaka 100, simu karibu na goti lake. Nilipopiga kofi akauliza, "Unaua mbu?" Imo mwanzoni mwa kila kipande na siikati. Nina saa moja na dakika arobaini, vipande vinne. Uso unaonekana mpaka karibu na adhana ya magharibi, kwa kuongeza theluthi mbili kama Fundi alivyosema.

Kuna jambo limenishinda. Kwenye kipande kirefu sauti ya simu inaanza sawa na midomo, mwishoni inachelewa kidogo. Fundi, hiyo unairekebishaje?

FundiMalindi
Ni kawaida, saa za vifaa viwili haziendi sawa kabisa. Ikate sauti kila dakika kumi, pale anaponyamaza, uisogeze hicho kidogo. Safari ijayo piga kofi na mwishoni pia.