Ziwa Michaelson, Mlima Kenya, mwezi wa Julai: kikundi cha watu 9 kutoka Mwanza. Ratiba na vifaa?

Ngosha_wa_Igoma

Wakuu habari, na kwa wakubwa shikamooni. Tupo 9, wote wakazi wa Mwanza, tunataka kwenda Ziwa Michaelson kwenye kipupwe cha Julai. Kilele hatukihitaji. Tulale ziwani usiku mmoja, basi.

Mpango: basi hadi Nairobi kupitia mpaka wa Sirari, kisha Chogoria, upande wa mashariki wa mlima. Usiku wa kwanza kwenye geti la hifadhi, siku ya pili moja kwa moja hadi ziwani, ya tatu kushuka. Mazoezi tunafanya vilima vya Isamilo na Bugando kila Jumamosi. Je, ratiba inakaa sawa? Nguo za mitumba za soko la Mlango Mmoja zitafaa? Na kuhusu kupika, tubebe jiko gani?

Mpandaji_Bwiru

Mkuu, hiyo siku ya pili ifute. Geti la Chogoria lipo kama mita 2,950, ziwa lipo karibu mita 4,000. Huko hewa ina takriban asilimia 60 tu ya oksijeni ya pwani, na nyinyi mnatoka kando ya Ziwa Victoria, mita 1,134. Ukishapita mita 3,000, sehemu ya kulala isipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Nasema ya kulala, kwa sababu mchana unaweza kupanda juu zaidi ukarudi, na hiyo hata inasaidia mwili kuzoea.

Fanyeni hivi. Usiku wa kwanza geti. Wa pili Ziwa Ellis, kama mita 3,450. Wa tatu Ellis tena: mchana pandeni taratibu kuelekea kambi ya Mintos hadi mguse mita 4,000, mle, mrudi. Wa nne ndiyo Michaelson: inazidi mita 500 kidogo, ndiyo maana Ellis mnalala mara mbili. Siku ya tano mnashuka. Njia ya gari inaendelea kupita geti, na dereva atawaambia awasogeze. Kataeni wakati wa kwenda, maana kila kilomita ya gari inakula muda wa kuzoea. Wakati wa kurudi pandeni gari tu.

Kutoka Ellis kuna njia mbili. Ya bondeni inapita Maporomoko ya Vivienne kwenye mto Nithi. Ni nzuri lakini hufifia kwenye nyasi na tope. Ya juu ya ukingo iko wazi hadi Hall Tarns, kama mita 4,300, halafu mnateremka karibu mita 300 kwenye mteremko mkali hadi ziwani. Pale juu kuna jabali liitwalo Temple, linaanguka wima kuelekea ziwa. Ukungu ukishuka, msisogee ukingoni kupiga picha. Chukueni mwongozaji anayelijua bonde lenyewe, maana wengi wao kazi yao ni kupeleka watu kilele cha Lenana. Ada za hifadhi zilipeni mtandaoni kabla, fedha taslimu getini hazipokelewi.

Isamilo na Bugando vitawapa miguu na pumzi, ila havizoeshi mwinuko hata kidogo. Ongezeni mzigo wa kilo 8 hadi 10, madumu ya maji yanatosha, na zoezi la kushuka lifanyeni kwa bidii kama la kupanda. Magoti huharibika wakati wa kushuka.

Dada_Nyakato

Kwenye nguo. Kila mita 1,000 joto hupungua nyuzi 6 hadi 7. Usiku wa Mwanza wa nyuzi 17, toa 18 au 19, tayari mko chini ya sifuri, na anga likiwa wazi baridi inazidi hapo.

Mlango Mmoja panafaa sana, mradi usome lebo. Tafuta poliesta au sufu. Pamba hapana, hata kama ndiyo zao letu Kanda ya Ziwa: ikilowa jasho haikauki, inakunyonya joto usiku kucha. Maana yake jinzi, fulana na soksi za pamba zinabaki nyumbani. Kila mtu awe na nguo ya ndani ya kubana, sweta la flisi, jaketi nene, na koti la mvua la juu lisilopitisha maji. Koti la mvua ndilo lisinunuliwe kwa kukisia: limwagie maji mshononi dukani hapohapo. Chogoria ni upande wa mashariki, unapata mvua kuliko ule wa magharibi, hata kipupwe.

Begi la kulalia lina namba kadhaa za nyuzijoto. Usiangalie ile ya chini kabisa yenye maandishi makubwa, hiyo ni ya kutokufa tu. Angalia ya kulala vizuri, iwe nyuzi -5 au chini yake. Chini weka kigodoro cha povu gumu lisilonyonya maji, na kikiwa chembamba weka viwili. Watu hulaumu begi wakati baridi inatoka ardhini. Sponji ya kawaida hunywa maji, iacheni.

Simu na pawabenki lala nazo ndani ya begi, betri ikipoa inazima.

Tabibu_Mkolani

Naongeza la afya, kwa sababu mnatoka Mwanza.

Kwanza malaria. Kichwa, uchovu na kichefuchefu ni dalili zake, na ni dalili za ugonjwa wa mwinuko pia. Bebeni kipimajoto na vipimo vya haraka vya malaria. Homa kali inaelekeza kwenye maambukizi. Kichwa bila homa baada ya kupanda, chukulieni ni mwinuko. Kosa baya ni kumeza dawa ya malaria kwa kukisia halafu kuendelea kupanda.

Pili selimundu (sikoseli), ugonjwa wa damu wa kurithi. Kanda yetu ina wengi wenye vinasaba vyake bila kujijua. Mwenye ugonjwa asiende. Mwenye kurithi upande mmoja tu aonane na daktari, kwani mwinuko unaweza kuziba damu kwenye bandama: maumivu makali juu kushoto mwa tumbo, ashushwe mara moja. Pimeni kabla ya safari.

Dawa ya asetazolamidi hutumika kwa kinga ya ugonjwa wa mwinuko, kwa kawaida miligramu 125 mara mbili kwa siku kuanzia siku moja kabla ya kupanda, lakini kwa ushauri wa daktari. Aliyewahi kubabuka kwa dawa za salfa kama Septrin au SP amwambie. Dawa haifuti ratiba ya Bwiru.

Anayeyumba akitembea kwenye mstari kisigino kwa vidole, au anayehema akiwa amekaa na kukohoa povu, anashuka saa hiyohiyo, hata usiku, na mtu wa kumsindikiza.

Mpandaji_Bwiru

Jiko nilisahau. Moto wa kuni hauruhusiwi, na jiko la mkaa ndani ya hema linaua: kaboni monoksidi haina harufu. Tumieni gesi ya kopo yenye mchanganyiko wa propani. Butani tupu ikikaribia sifuri haigeuki mvuke, jiko linazima kopo likiwa bado zito. Nunueni Nairobi, msipande nayo basi kutoka Mwanza.

Maji pale ziwani huchemka kama nyuzi 87, kwa hiyo maharage sahauni, hayaivi. Uji wa lishe, chapati, karanga, na dagaa waliokaangwa kabisa hapa Mwanza. Ugali unaiva. Maji ya kunywa yachemke dakika 3.

Ngosha_wa_Igoma

Asanteni sana. Mmoja wetu ni mzito wa mwendo, tumuweke nyuma na msindikizaji?

Dada_Nyakato

Hapana. Mweke wa pili, nyuma ya mwongozaji, mwendo uwe wake. Nyuma kabisa akae mwenye nguvu, abebe dawa na tochi ya ziada. Aliye mzito akiwa mkiani, nyinyi mnapumzika mkimsubiri, akifika mnaondoka, yeye hapumziki kamwe.

Ngosha_wa_Igoma

Nimeelewa. Tumeongeza siku mbili, na Jumatatu tunaenda kupima selimundu wote 9.