Magati ya zamani Kurasini: tulihamishwa kupisha mradi, miaka 9 sasa tunaona mabati tu

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira, maana leo asubuhi nimepita pale nikakuta mafundi wanabadilisha mabati ya uzio, nikadhani kazi imeanza, nikamuuliza mlinzi akaniambia hapana, yale ya mwanzo yameoza kwa chumvi. Yaani uzio umezeeka mpaka umebadilishwa na ndani halijawekwa hata tofali moja.

Kwa wasiopajua, ni huku Kurasini, Dar es Salaam, kwenye maji kabisa, mwenye eneo simtaji. Palikuwa na gati dogo la matishari (yale maboti bapa ya kubebea mizigo), shedi mbili za mizigo na chelezo cha kupandishia boti. Mimi nimechomelea vyuma pale miaka sita, na marehemu mzee wangu alikuwa kuli. Vijana wengi hawajui hata tishari ni nini. Kabla magati ya kina kirefu hayajafunguliwa 1956 meli kubwa zilikuwa zinatia nanga katikati ya bandari, mzigo unashushwa kwenye matishari, yanavutwa mpaka ukutani halafu binadamu anabeba mgongoni. Makuli hao ndio waliogoma 1939, wakagoma tena 1947 mgomo ukasambaa mpaka kwa watu wa reli. Kwa hiyo mtu akisema pale ni pori tu naumia, pana jasho la wazee wetu pale.

Haya, kontena zikaja, kazi ya matishari ikafa, hilo sibishi, bandari nyingi duniani zimepitia hivyo hivyo. Ninachobishia ni kilichofuata. Tuliitwa kikao, turubai, viti vya plastiki, na mchoro mkubwa wa rangi: njia ya kutembea kando ya maji, miti, soko dogo la samaki, vizimba vya mama lishe, karakana zetu mafundi, na nyumba za kupanga kwa nyuma. Tukaandikwa majina, tukapewa karatasi. Jirani yangu mmoja alikuwa na banda la chakula pale tangu mimi kijana, akalivunja kwa mikono yake mwenyewe sababu aliahidiwa kizimba. Sasa hivi yuko Mbagala, anapikia nyumbani, wateja wake wote wako huku. Kila akienda kuuliza anaambiwa mwekezaji bado anatafutwa.

Sasa kama mwekezaji anatafutwa, yale malori yanayolala mle ndani kila usiku ni ya nani??? Na kontena tupu zilizopangwa tatu tatu kwenda juu? Kuna mtu anapokea hela ya maegesho pale, na akishapokea hela kila mwezi haraka ya mradi ataitoa wapi. Hilo ndilo jibu ninalolitaka na hakuna anayenijibu.

Kinachoniuma zaidi kama fundi ni ule ukuta wa gati. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, hapa Dar maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, mara mbili kwa siku, kwa hiyo chuma kinalowa kinakauka kinalowa kinakauka, na kutu inakula haraka sana pale maji yanapoishia yakijaa na yanapoishia yakipwa, kuliko kile chuma kinachokaa chini ya maji muda wote. Ukishatoboka, kila maji yakipwa yanatoka na mchanga uliojaziwa nyuma ya ukuta, juu unaona zege zima kumbe chini ni uwazi. Mwaka jana tairi la lori lilizama pale mpaka ekseli, walichofanya ni kumwaga kifusi wakaondoka. Aisee ukuta ule ungezibwa mapema ingekuwa kazi ndogo, sasa hivi hata huyo mwekezaji akipatikana atapiga hesabu ya ukuta peke yake atakimbia. Bado udongo, miaka na miaka umemwagiwa oili chafu na rangi za meli, na shedi zimeezekwa asbesto, yale mabati ya zamani ambayo vumbi lake linadhuru mapafu, na sasa zimepasuka. Watoto wanapenya kwenye mabati wanaenda kucheza mpira mle mle.

Na mtaro. Mtaro wa mtaa wetu ulikuwa unapita pale kwenda baharini, walipojenga uzio wakauziba, masika maji yanarudi ndani kwetu. Mimi nimeinua kitanda kwa matofali.

Msiniambie ni kazi ngumu haiwezekani. Cape Town Waterfront, bandari ya zamani ya Afrika Kusini iliyogeuzwa eneo la biashara na matembezi, ilianza 1988, na pale kuna chelezo cha Robinson cha tangu karne ya 19 ambacho mpaka leo kinaingiza meli, watalii wanapita pembeni na mafundi wako kazini. Tena sitamani kila kitu cha wenzetu. London walianza na maeneo yao ya bandari 1981, maghorofa yamejaa, lakini wenyeji waliokuwa makuli wakalalamika kwamba nyumba nyingi hawaziwezi bei, na ndicho ninachokiogopa hapa.

Na neno "subirini" Kurasini tumelichoka. Watu wa Shimo la Udongo, hapa hapa Kurasini, waliondolewa kupisha upanuzi wa bandari, wengine ikabidi wajichange wanunue ekari 30 Chamazi waanze upya. Ng'ambo Kigamboni watu walizuiwa kuendeleza viwanja vyao kwa ajili ya mji mpya ambao haukujengwa. Sisi tunadai mtaro ufunguliwe kabla ya masika, asbesto iondolewe na watu wanaojua kazi hiyo, ukuta ukaguliwe, na waseme hadharani hela ya malori inaenda wapi. Hayo hayahitaji mwekezaji. Mengine tutaongea wakishaanza.

NYONGEZA: Mkuu uliyeuliza kama karatasi za kikao bado zipo, zipo, yangu ninayo ina mhuri na tarehe. Jumamosi saa kumi jioni tunakutana kwa mjumbe kuandika barua, kila aliyeandikwa jina aje na yake. Waliohamia Mbagala na Chamazi mwenye namba zao awapigie, tunawahitaji.