Naomba ushauri: kichocheo cha kaboni kinaishiwa nguvu

Wakuu, habari zenu. Nageuza zailosi (sukari ya mimea) kuwa furfurali (kemikali ya viwandani) kwa kichocheo cha kaboni iliyopikwa na asidi ya salfuriki kwa 150°C. Mmenyuko ni kwa 170°C, maji chini, 2-metilitetrahidrofurani (kiyeyushi kisichochanganyika vizuri na maji) juu ili ivute furfurali kabla haijaharibika. Kila nikirudia kukitumia mazao yanashuka, na chembe zinatoka na utando wa kahawia unaonata. Asetoni imeondoa utando, nguvu haikurudi. Kukisafisha kwa kuchoma utando haiwezekani, kaboni nayo itaungua. Nikichuja mchanganyiko ungali moto, maji yaliyochujwa yanaendelea kumenyuka yenyewe. Nikiyatia kloridi ya bari yanatoa mashapo meupe, dalili ya salfati. Nashuku vikundi vya salfoni (sehemu za asidi zilizoshikamana na kaboni) vinang'oka.

Je, nivipime vipi vilivyobaki bila kuvichanganya na kaboksili (vikundi vingine vya asidi, dhaifu zaidi, vilivyo kwenye kaboni)? Na kukitia asidi upya kunasaidia, au nihamie kichocheo cha zirkonia (oksidi ya zirkoni) inayovumilia kuchomwa?