Tupeane uzoefu: vijana wetu wanaotengeneza gemu mtandaoni wanapata haki yao?

Fundi wa Shangani:
Wadau wa Kusini, habari za majukumu. Nina stationari hapa Mtwara mjini, na shule zikifungwa vijana wanajaa kwenye kompyuta zangu. Siku hizi hawachezi tu, wanatengeneza gemu zao kwenye majukwaa ya mtandaoni, na wana vipaji kwelikweli. Ninachotaka kujua: jasho lao linawarudia? Mwenye kijana, au kijana mwenyewe, aeleze yaliyomkuta. Kama ni lalamiko, usitaje jina la jukwaa.

Mama wa Chikongola:
Ahsante kwa kulileta hili. Wa kwangu ana miaka 15. Ametengeneza gemu ya shamba la mikorosho: unaokota mabibo, unang'oa korosho, unawahi kuanika kabla mvua haijanyesha. Majani aliyachora kwanza kwenye daftari, akaenda kuokota jani lenyewe uani ili aipate ile mishipa yake. Watoto wa nchi za mbali wanaicheza, nimeona wanavyomwandikia. Lakini anachopata ni sarafu za humohumo jukwaani, na hazitoki mpaka zifike kiwango kikubwa. Hazijafika. Bando nanunua mimi. Kinachoniuma zaidi, mtoto anaamka usiku kuiongezea vitu, maana akinyamaza siku chache gemu inazama, haionekani tena.

Kijana wa Newala:
Shikamoo mama. Mimi nachonga kwa kompyuta. Babu alikuwa mchonga vinyago, nikaona nitengeneze barakoa za mapiko, ile ngoma ya Wamakonde, zivaliwe na wahusika wa gemu. Zikapendwa. Baadaye nikazikuta zilezile kwa muuzaji mwingine, hadi ufa niliouweka shavuni kwa makusudi. Nikalalamika, likaja jibu la mashine, basi. Halafu kuna hivi vikundi: anakuja bosi, naye ni kijana tu, mnapiga kazi bila mkataba, mwisho mgawo anapanga yeye. Ukiliuliza jukwaa, linasema hayo malizaneni wenyewe.

Mdau wa Nachingwea:
Mimi nimelipwa, niseme ukweli. Kompyuta ninayoandikia nimeinunua kwa pesa ya gemu. Seva sikulipia hata senti, na wachezaji niliwakuta wamejaa. Ningeifanya peke yangu huku Nachingwea, nani angeiona? Shida ilikuwa kuipokea hiyo pesa. Sikuwa nimefika miaka 18, kitambulisho cha NIDA sina, akaunti ya benki sina. Ikapitia kwa baba mdogo. Bahati yangu ni mtu mwaminifu.

Fundi wa Shangani:
Hongera sana mdogo wangu, na la seva ni kweli. Ila tupige hesabu kwa Roblox, moja ya majukwaa haya ya gemu, kwa kuwa bei zake ziko wazi. Sarafu yake inaitwa Robux. Robux 400 zimekuwa zikiuzwa dola 4.99. Mchezaji akizitumia zote kununua pasi (ruhusa ya kupata vitu vya ziada) ndani ya gemu ya kijana, jukwaa linakata asilimia 30, kijana anabaki na 280. Kwa kiwango kilichopandishwa Septemba 2025, dola 0.0038 kwa Robux moja, hizo ni dola 1.06. Na hazitoki mpaka awe amechuma Robux 30,000. Najua maduka ya programu za simu nayo yanakata chao, na mitambo ina gharama. Bado pengo ni kubwa mno kwa mtu aliyefanya kazi yenyewe.

Sisi watu wa korosho tunalijua hili. Mnunuzi wa kangomba, yule anayenunua korosho kienyeji nje ya mnada, anakuja na kipimo chake na bei yake. Mnadani bei inasomwa mbele ya wakulima, na Oktoba 2018 walipoona haiwafai waligoma kuuza. Kijana wa gemu hana pa kugomea: sarafu ni ya jukwaa, bei ya kuinunua na bei ya kuigeuza kuwa pesa zinapangwa na jukwaa. Angalau aambiwe siku ya kwanza, kwa shilingi, kazi yake itamletea nini.

Mama wa Chikongola:
Kwa hiyo nimzuie?

Fundi wa Shangani:
Hapana mama, usimzuie. Usiku alale tu. Mlete Jumamosi nimwekee Godot, ni programu ya bure ya kutengenezea gemu, na gemu inabaki yake, anaipeleka anakotaka. Kuna itch.io, tovuti ya kuuzia gemu, huko mwenye gemu anapanga mwenyewe asilimia ya kuwaachia. Wachezaji ni wachache kuliko alikozoea, hilo asifichwe.

Kijana wa Newala, faili zako za mwanzo za zile barakoa unazo? Zenye tarehe? Usifute hata moja. Kama jukwaa lina makao Marekani, tafuta anwani yao ya kupokea madai ya hakimiliki. Sheria yao ya mwaka 1998 inawataka wawe nayo kama hawataki kubebeshwa kosa la wizi wa kazi za watu. Andika huko, achana na kile kitufe cha malalamiko. Nitumie ujumbe, tuyaandike hayo madai pamoja.