Mbebwa hujikaza? Koo za kisiasa Marekani: wanachaguliwa au wanarithishana?

Mleta mada

Wakuu, heshima mbele.

Mwaka 1960 John Kennedy alishinda urais, kiti chake cha useneta wa Massachusetts kikabaki wazi. Mdogo wake Edward alikitaka, ila alikuwa na miaka 28 na katiba yao inataka seneta awe ametimiza 30. Gavana akamteua Benjamin Smith, rafiki wa John tangu enzi za Harvard, akikalie kwa muda. Edward alipofikisha 30, Februari 1962, Smith hakugombea. Kijana akaingia kura za mchujo, zile za kumpata mgombea wa chama.

Kwenye mdahalo, mpinzani wake Edward McCormack akamwambia usoni: ungekuwa unaitwa Edward Moore tu, bila hilo la Kennedy mwishoni, ugombea wako ungekuwa mzaha. Raha ya kisa ni kwamba huyo McCormack naye alikuwa mtoto wa kaka yake Spika wa Baraza la Wawakilishi. Nyani haoni kundule. Kennedy akashinda, akakaa Seneti hadi alipofariki Agosti 2009, karibu miaka 47, na hata mahasimu wake wa Republican walikiri kwamba kazi ya kutunga sheria aliijua.

Basi tujadili. Katiba ya Marekani inakataza nchi kumpa mtu cheo cha kikabaila. Hapo hapo ina akina Adams, baba na mwana, wote marais, akina Harrison, babu na mjukuu, akina Roosevelt, akina Bush. Kuanzia uchaguzi wa 1980 hadi wa 2004, chaguzi saba mfululizo, karatasi ya kura ya urais haikukosa Bush au Clinton, kama si kwenye nafasi ya rais basi ya makamu. Aliyezaliwa 1980 alifika miaka 28 ndipo akaiona karatasi isiyo na jina mojawapo.

Msimamo wangu: tatizo si damu, ni mlango wa kuingilia. Kwenye uchaguzi mkuu mwana wa fulani anapambana na umma. Lakini kabla ya hapo kuna uteuzi wa gavana, kuna kura za mchujo ambazo watu wachache ndio hujitokeza, na kuna daftari la wafadhili ambalo baba analo na jirani yako hana. Humo ndimo mtu anamobebwa.

Chukueni Alaska. Frank Murkowski, seneta, alishinda ugavana 2002. Kiti chake cha Seneti kikabakiza miaka miwili, na wa kumteua mrithi ni gavana, yaani yeye. Akamteua binti yake, Lisa. Wananchi wakafura. Novemba 2004 wakapiga kura kuwanyang'anya magavana mamlaka hayo. Sasa shikeni kiti: siku hiyo hiyo, kwa kura hizo hizo, wakamchagua Lisa. Baba aliyemteua ndiye aliyelipa deni. Mwaka 2006 alishika nafasi ya tatu kwenye mchujo wa chama chake mwenyewe, nyuma ya Sarah Palin.

Karibuni.

Mchangiaji aliyeko Michigan

Mkuu, kwenye huo mlango umesahau karatasi yenyewe ya kura. Nimepata uraia huku na kura yangu ya kwanza sitaisahau. Nilidhani utaweka alama moja, unarudi nyumbani. Kumbe karatasi ni ndefu, mbele na nyuma, na kalamu nyeusi unajaza viduara: rais, seneta, mbunge, majaji, bodi ya elimu ya jimbo, hadi wajumbe wa bodi za vyuo vikuu vitatu. Nilipofika kwa majaji nilikuwa simjui hata mmoja. Macho yakaanza kutafuta jina nililowahi kulisikia, hata kwa mbali. Sikuongwa wala sikutishwa. Nilichoka tu.

Huku kwetu jina la namna hiyo ni Dingell. Baba aliingia Bungeni 1933. Alipofariki 1955 akaingia mwana, John, akakaa zaidi ya miaka 59, na hakuna aliyewahi kukaa Congress muda mrefu kuliko yeye. Alipostaafu, kuanzia 2015 akaingia mkewe, Debbie. Tangu 1933 hakuna Bunge lililokaa bila Dingell.

Ila sikubaliani nawe kwamba huku ni kubebwa tu. Yule mzee wa kwanza alikuwa akipeleka mswada wa bima ya afya kwa wote, unakwama. Mwana akaupokea, akawa anauwasilisha kila Bunge jipya. Mwaka 1965 yeye ndiye aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha spika Baraza lilipopitisha bima ya afya ya wazee. Ile nyundo aliyoigonga siku hiyo aliitunza, na 2010 akamwazima Nancy Pelosi kwa ajili ya kupitisha sheria ya afya ya Obama. Mwanasiasa wa miaka miwili miwili hawezi kubeba jambo moja muda wote huo. Familia imeweza.

Mchangiaji

Halafu hao ndio wanaotutumia waangalizi wa uchaguzi! 😂

Mleta mada

Hilo lina utamu wake, mkuu, lakini tukilifungua leo hatutarudi Marekani. Aliyeko Michigan, hoja ya nyundo naipokea. Nauliza tu: huo mswada usingepata mtu mwingine wa kuubeba, mpaka awe mtoto wa kumzaa?

Mchangiaji wa Tanga

Nyote mnahesabu walioshinda. Hesabuni walioanguka. Jeb Bush, mtoto wa rais, mdogo wa rais, gavana wa Florida kwa vipindi viwili. Kamati iliyokuwa ikimuunga mkono ilikusanya zaidi ya dola milioni 100 katika nusu ya kwanza ya 2015 peke yake. Februari 2016 akajitoa kwenye mbio za urais bila kushinda jimbo hata moja. Tazameni bango lake: limeandikwa "Jeb!" na alama ya mshangao. Jina la ukoo halimo. Mtu anayelificha jina la baba yake kwenye bango lake mwenyewe anabebwa na nini?

Joe Kennedy wa Tatu aliangushwa Massachusetts 2020, nyumbani kabisa. Mwaka 2022 Liz Cheney, binti wa makamu wa rais wa zamani Dick Cheney, akafagiliwa kwenye mchujo wa Wyoming, na mwaka huo huo mtoto wa Jeb akaangushwa Texas. Wote wameangukia kwenye mchujo, mleta mada, pale pale unaposema ndipo wanapobebwa. Hoja yako imechanika.

Mchangiaji (naandika kama mwanamke)

Kina kaka mmewasahau wake. Kwa miongo mingi, mwanamke wa Marekani alifika Bungeni mara nyingi kwa njia ya msiba. Mume amekufa, chama kinampa mjane akikalie kiti mpaka wanaume wakubaliane nani anafuata. Margaret Chase Smith wa Maine aliingia hivyo 1940. Waliodhani anashikilia tu walishangaa: akagombea Seneti, akaingia 1949, na mwaka uliofuata akasimama humo kulaani mbinu za Joseph McCarthy za kuwatuhumu watu ukomunisti, naye ni seneta wa chama chake mwenyewe, wakati wanaume wazima wenye vyeo walikuwa wanatazama viatu vyao. Alikaa Seneti hadi 1973. Mkifunga mlango wa jina wa enzi zile, mjue mmemfungia nani.

Mleta mada

Dada, hapo nimenyamaza. Kwa zama zile huo mlango ulikuwa mmoja kati ya michache.

Wa Tanga, mchujo umebadilika, nakubali. Chama kikikasirika, jina linageuka mzigo. New York 2025 ndio mfano mbichi: Andrew Cuomo, gavana wa zamani, mtoto wa gavana Mario Cuomo, aliangushwa mara mbili ndani ya mwaka mmoja, Juni kwenye mchujo na Novemba kwenye uchaguzi wa meya, na Zohran Mamdani aliyezaliwa Kampala.

Mchangiaji wa Tanga

Naye ni mtoto wa mtu! Baba yake Profesa Mahmood Mamdani, alifundisha Mlimani miaka ya sabini. Mama yake Mira Nair, mtengenezaji filamu anayejulikana dunia nzima.

Mleta mada

Mkuu, hapo umechanganya. Kuzaliwa kwenye nyumba ya vitabu na kamera ni bahati, sibishi, lakini Profesa hakuwahi kuwa na kiti New York cha kumwachia mtu. Mimi nazungumzia kiti.

Mchangiaji aliyeko Michigan

Basi kama ni kiti, mbona hakuna aliyegusa sheria ya 1967? John Kennedy alipomfanya mdogo wake Robert kuwa mwanasheria mkuu wa serikali, jamaa alikuwa na miaka 35. Ndipo baadaye Congress ikapitisha sheria ya kumkataza kiongozi wa umma kuajiri ndugu, na ndani yake wamehesabiwa mpaka wakwe. Januari 2017 wanasheria wa Wizara ya Sheria wakatoa tafsiri kwamba haiwagusi wasaidizi wa rais walioko Ikulu. Jared Kushner, mkwe wa Trump, akaapishwa kuwa mshauri mwandamizi. Yaani wizara huwezi kumpa mkweo, lakini ofisi ya hatua chache kutoka mezani kwako unampa.

Mleta mada

Hiyo inataka uzi wake, mkuu. Ufungue wewe, mimi nitakuja na kahawa.