Mjadala: Mwimbaji aliyesaini mwenyewe ana haki ya kudai? Kisa cha Ruth Brown na Atlantic

Wakuu, hili tulijadili bila kupakana mafuta. Kila zikitajwa habari za waimbaji wa Marekani waliozeeka wakihangaika huku sahani zao za muziki zikiendelea kuuzwa, hakosekani wa kusema: "Si alisaini mwenyewe? Mkataba ni mkataba." Mimi naipinga hoja hiyo, na nitaipinga kwa kisa cha mwimbaji Ruth Brown na kampuni yake ya rekodi, Atlantic, maana ndipo ilipobanwa hadi ikashindwa.

Kwa wasiomfahamu: alizaliwa Portsmouth, Virginia, Januari 12, 1928. Baba yake alikuwa kuli wa bandarini na mwalimu wa kwaya kanisani, na muziki wa kidunia, usio wa kanisani, hakutaka kuusikia. Binti akatoroka nyumbani mwaka 1945 na mpiga tarumbeta. Bendi kubwa ya kwanza kumchukua, ya Lucky Millinder, ilimtimua baada ya muda mfupi akiwa Washington, hana hata nauli. Aliyemwokoa ni Blanche Calloway, dada yake kiongozi wa bendi Cab Calloway, aliyempa jukwaa klabuni kisha akawa meneja wake. Habari zake zikaifikia Atlantic, kampuni changa ya kurekodi muziki ya New York iliyoanzishwa 1947 na Ahmet Ertegun na Herb Abramson. Mwaka 1948, wakiwa safarini kwenda huko, gari lao likapata ajali, miguu yake ikaumia vibaya, akalazwa kwa miezi mingi Chester, Pennsylvania. Mkataba aliusaini akiwa kitandani hospitalini.

Wanaosema "alisaini mwenyewe" wauanzie hapo huo usaini wao.

Alipopata nafuu aliimba "So Long" mwaka 1949, ikashika. Mwaka 1950 ikatoka "Teardrops from My Eyes", ikakaa namba moja kwenye chati ya rhythm and blues, muziki wa Wamarekani weusi, kwa wiki 11. Zikafuata "5-10-15 Hours" mwaka 1952 na "(Mama) He Treats Your Daughter Mean" mwaka 1953, na ile sauti yake inayokatika kwa mkwaruzo mwishoni mwa neno ikawa ndiyo alama yake. Atlantic ilikuja kuitwa nyumba iliyojengwa na Ruth. Aliondoka hapo mwaka 1961. Katika miaka iliyofuata alifanya kazi za ndani na kuendesha basi la shule huko Long Island, akilea watoto. Mwaka 1967 Atlantic iliuzwa kwa Warner Bros.-Seven Arts kwa dola milioni 17.5, na nyimbo zake zilikuwa sehemu ya mali iliyouzwa.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hurukia hitimisho. Mwimbaji wa enzi hizo alilipwa ada ndogo kwa kila wimbo, halafu akaahidiwa mrabaha, yaani fungu lake la mauzo, wa asilimia chache. Lakini gharama za studio, wapiga vyombo na mpangaji wa muziki ziliandikwa kwenye akaunti yake kama deni, na deni hilo lililipwa kutoka kwenye ule mrabaha wake tu. Tuchukue mfano wa kufikirika: kurekodi kumegharimu dola 1,000, sahani inauzwa dola 1, mwimbaji anapata asilimia 5. Ili deni liishe ni lazima ziuzwe sahani 20,000. Hadi kufika hapo, upande wa pili umepokea dola 19,000 na mwimbaji hajashika hata senti. Akiingia studio tena, deni linaanza upya. Sikatai kwamba kwenye hizo 19,000 kuna gharama za kuchapa, kusambaza na faida ya mwenye duka. Lakini nani anashika daftari? Kampuni. Nani anaweza kulikagua? Dereva wa basi la shule hana fedha za kumlipa mkaguzi.

Miaka ya 1980 mwanasheria wa Washington, Howell Begle, shabiki wa Ruth tangu utotoni, alimpelekea sahani zake za zamani azisaini. Alikuwa amezinunua kwa bei ya juu, zikiwa zimechapwa upya. Ruth akamwambia hapati chochote kutokana na sahani hizo. Begle alipofuatilia, majibu ya kampuni yalikuwa kwamba kwa mujibu wa vitabu vyao, Ruth ndiye mwenye deni! Mwimbaji aliyeibeba kampuni mabegani anaambiwa anadaiwa. Mimi hapo ndipo huwa napandwa na hasira.

Walipambana kwa miaka, hadi habari zikafika kwenye kamati ya Bunge la Marekani. Mwaka 1988, Atlantic ilipokuwa inajiandaa kusherehekea miaka 40 kwa onyesho kubwa Madison Square Garden, ikakubali kufuta madeni hayo na kulipa mirabaha ya nyuma kwa Ruth na wenzake kadhaa. Ikatoa pia fedha za kuanzisha Rhythm and Blues Foundation, inayosaidia wanamuziki wazee. Kama kweli mkataba ulimaliza kila kitu, kampuni yenye mawakili wa kila aina ingelipa kwa nini?

Najua hoja za upande wa pili, na mbili ni nzito. Ya kwanza: kampuni ilibeba hatari, maana sahani nyingi hazikuuzwa, na Atlantic ilimpa mkataba mgonjwa ambaye wengine wangemwacha. Hilo ni kweli, na nampa Ertegun heshima yake. Lakini hatari ya mwaka 1949 ilikwisha kulipwa zamani. Haiwezi kuendelea kukatwa kwenye mauzo ya miaka 30 baadaye. Ya pili: tukifungua mikataba ya zamani, nani atawekeza tena kwenye muziki? Nawajibu kwa lililotokea. Mwaka 2021 kampuni ya muziki ya Sony ilitangaza kwamba haitawakata tena wasanii wake wa kabla ya mwaka 2000 kwa ajili ya madeni ya aina hiyo, na mwaka uliofuata kampuni kubwa nyingine, Warner na Universal, zikafuata kwa mipango yao. Hakuna hata moja iliyofunga mlango.

Kuna jambo ambalo halizungumzwi sana. Redio za kawaida za Marekani zinamlipa mtunzi wimbo unapopigwa, mwimbaji hazimlipi. "Teardrops from My Eyes" na "5-10-15 Hours" zilitungwa na Rudy Toombs. Ruth angeweza kupigwa redioni kutwa kucha asipate kitu. Kwa hiyo ule mrabaha wa mauzo ndio ulikuwa mlango wake pekee kwenye rekodi zake, na ndio uliozibwa na deni. Kenya, kwa kulinganisha, sheria inamtambua mwimbaji kama mwenye haki ya kulipwa rekodi yake inapopigwa, na PRISK, chama cha kukusanya malipo ya waimbaji na waigizaji, iliundwa kwa ajili hiyo. Ugomvi wa ukusanyaji na ugawaji upo, lakini haki yenyewe imeandikwa.

Ruth alirudi jukwaani kwa kishindo: tuzo ya Tony, ya maonyesho ya jukwaani, mwaka 1989 kwa onyesho la Broadway la "Black and Blue", kisha tuzo ya muziki ya Grammy, na mwaka 1993 akaingizwa Rock and Roll Hall of Fame, orodha ya heshima ya magwiji wa muziki. Alifariki Novemba 2006. Wapo wanaotumia mwisho huu kusema mambo yalijirekebisha yenyewe. Hayakujirekebisha. Alipata wakili aliyempenda tangu utotoni, na wengi wa rika lake hawakumpata.

Msimamo wangu: deni la studio liwe na kikomo kisheria, tuseme miaka 15, likipita lifutwe hata kama vitabu havijabalansi, na daftari likaguliwe na mtu wa nje kwa gharama ya kampuni. Mnaoamini kwamba mkataba ni mkataba, naomba mnijibu hili moja: deni ambalo mdai peke yake ndiye anayeliandika, analihesabu na kutangaza limeisha au bado, mdaiwa alilikubali lini?