Tupeane uzoefu: Zanzibar Heroes ya 2017 ilikukalisha na nani?

Mwana wa Ng'ambo: Leo nimekutana na picha ya Heroes, timu yetu ya taifa ya Zanzibar, kwenye Kombe la CECAFA Challenge la 2017, moyo umenienda mbio. Hali ya wakati ule mnaikumbuka. Uchaguzi wa Oktoba 2015 umefutwa, wa marudio Machi 2016 wapinzani wa CCM, CUF, wameususia, watu hawaalikani harusi, hawazikani. Mara vijana wa kocha Hemed Morocco wanakwenda Kenya, wanawafunga Tanzania Bara 2-1, wanawatoa Uganda nusu fainali. Mtaani kwetu vijiwe vya vyama, maskani na barza, vikahamia kwenye tv moja. Nyie mliangalia na nani?

Bint Wete: Kwetu Pemba hata duka la kununua sukari ulikuwa unachagua kwa chama. Yule mwenye duka tuliyekuwa tunamruka ndiye aliyetoa tv yake nje siku ya fainali. Tukaenda wote.

Fundi wa Umeme: Mie na kaka tunakaa nyumba moja ya urithi, imekatwa ukuta kati. Mie CUF, yeye CCM damu. Tangu marudio hatusemeshani. Mwanangu alilazwa, kaka hakuja hata kumjulia hali, na hilo ndilo lililonikata maini kuliko siasa zote.

Siku ya fainali Kenya wanaongoza, Tukuza yangu, umeme wa kulipia kabla, ikaisha. Giza. Upande wa kaka tv inanguruma. Nikaweka sikio ukutani, nasikia mtangazaji nusunusu. Dakika za mwisho kabisa ukuta ukapigwa ngumi, vumbi la chokaa likanimwagikia begani. "Tumerejesha! Umeona?" Nikamjibu, "Sina umeme!" Kimya. Kisha mlango ukagongwa. Kaka, kifua wazi na kikoi: "Njoo basi, zinaanza za nyongeza."

Kenya wakafunga la pili, akanikamata mkono. Tukarejesha tena, 2-2, tukakumbatiana. Kwenye penalti kipa wa Kenya, Matasi, alipokuwa anadaka, kaka alilia, na mara ya mwisho kumuona analia ni tulipomzika baba. Kombe limekwenda, tumekaa tu tunatazama Wakenya wanashangilia. Ndipo akaniuliza, "Mtoto anaendeleaje?"

Mama Chumbuni: Machozi yananitoka huku. Bimkubwa wenu alisemaje?

Fundi wa Umeme: Hakusema kitu. Chakula cha usiku alileta sinia moja.

Mpiga Debe: Kaka yako mkubwa, alipaswa kuomba radhi kwanza. Mie nisingeingia.

Mama Chumbuni: We hujawahi kununiana na ndugu. Kugonga mlango ndiyo radhi yenyewe.

Kijana wa Temeke: Ile 2-1 mlibahatisha.

Mwana wa Ng'ambo: Na Uganda tukabahatisha? Usituharibie uzi.

Sheikh wa Darajani: Msisahau na la CAF, shirikisho la soka Afrika. Machi 2017 tumepewa uanachama, Julai umefutwa. Maumivu yale hayakuchagua kadi ya chama. CCM na CUF wote walitaka kuiona Zanzibar inaitwa kwa jina lake uwanjani, ndiyo maana Desemba watu walishikana vile. Na wazee wenzangu wanakumbuka, Challenge tuliichukua Uganda 1995, mwaka ule ule wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Furaha ile ilikuwa ya wote.

Msema Kweli: Tusidanganyane. Dakika 120 haziponyi kilichovunjika kwa miaka. Wiki mbili baadaye kila mtu alirudi kwenye barza yake.

Bint Wete: Wengine walirudi, wengine hatukurudi. Dukani kwa yule bwana nanunua mpaka leo.

Mpiga Debe: Ushauri wangu: uliyegombana naye mwalike mechi ya Heroes. Ya Simba na Yanga usithubutu, mtatoka na kesi mpya.

Mama Chumbuni: Mimi na wifi yangu ilikuwa hiyo hiyo Simba na Yanga. Inategemea mtu.

Sheikh wa Darajani: Na fulana za chama ziachwe nyumbani.

Fundi wa Umeme: Januari 2025 tulikwenda uwanja wa Gombani, Pemba, mie na kaka, fainali ya Kombe la Mapinduzi, Heroes dhidi ya Burkina Faso. Kwenye boti tulibishana siasa mpaka abiria wakatusihi tunyamaze. Tukashinda 2-1. Kurudi tulibishana tena, ila sahani ya urojo tulichangia.

Mwana wa Ng'ambo: Wa Makunduchi na Nungwi mbona kimya? Leteni zenu.